Maji na Mstari wa Kijani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maji ya Kupro

Ukurasa huu ni kwa wanaotaka kuelewa jinsi mabwawa, mabomba, mitaro ya maji taka na matangi ya juu ya paa yanavyohusika na swali la nani ni wa wapi katika kisiwa cha Kupro. Tumeandika majina ya miji kwa Kigiriki na kwa Kituruki pale inapofaa. Lipi limetangulia si msimamo wa kisiasa.

Kisiwa kimegawanyika vipi, kwa kifupi?

Kupro ilipata uhuru kutoka Uingereza mwaka 1960. Desemba 1963 Wakupro wa Kigiriki na wa Kituruki walipigana, na jenerali mmoja wa Kiingereza akachora mstari kwa penseli ya kijani kwenye ramani ya Nicosia, mji mkuu. Hapo ndipo jina la Mstari wa Kijani lilipotoka. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa, UNFICYP, wapo tangu Machi 1964. Julai 15, 1974 yalifanyika mapinduzi yaliyochochewa na utawala wa kijeshi wa Athens, na siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakatua pwani ya kaskazini. Watu walihama kwa makundi: Wagiriki wakaenda kusini, Waturuki wakaenda kaskazini. Eneo la kati linalolindwa na Umoja wa Mataifa lina urefu wa kilomita 180 hivi.

Kusini ni Jamhuri ya Kupro, mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu Mei 1, 2004. Kaskazini ilijitangaza kuwa Jamhuri ya Kituruki ya Kupro Kaskazini mwaka 1983, na anayeitambua ni Uturuki peke yake. Kisheria kisiwa kizima kiko ndani ya Umoja wa Ulaya, ila sheria za Umoja huo zimesimamishwa kaskazini. Juu ya hayo kuna kambi mbili za Uingereza, Akrotiri na Dhekelia, zenye kilomita za mraba 254.

Maji hutoka wapi?

Mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili, na wastani wa mwaka haufiki milimita 500. Kiangazi ni kikavu kabisa. Mito mingi hutiririka msimu tu. Milima mikubwa, Troodos, iko kusini. Kaskazini kuna safu nyembamba ya mawe ya chokaa inayoitwa Pentadaktylos kwa Kigiriki na Beşparmak kwa Kituruki. Mito kadhaa huanzia Troodos na kushuka kwenda kaskazini, kwa hiyo anayejenga bwawa juu yuko upande mmoja na anayesubiri maji bondeni yuko upande wa pili.

Ukiacha mvua, kusini hutegemea mabwawa na mitambo ya kuondoa chumvi ya bahari. Kaskazini ilitegemea visima hadi 2015, na sasa hutegemea zaidi bomba linalopita chini ya bahari kutoka Uturuki.

Mbona mpaka wa kisiasa unaonekana hata kwenye mabomba?

Kwa sababu kila upande ulijenga mfumo wake kwa urefu wa eneo lake, kutoka magharibi kwenda mashariki, badala ya kutoka mlimani kwenda bondeni kama maji yenyewe yanavyopenda.

Baada ya 1974 serikali ya kusini ilikuwa imepoteza maji ya ardhini ya Morphou na sehemu kubwa ya yale ya Famagusta, maeneo yaliyobaki kaskazini. Ikaongeza kasi ya mabwawa. Wakati wa uhuru, mabwawa yote ya kisiwa yaliweza kuhifadhi kama mita za ujazo milioni 6. Leo uwezo wa mabwawa ya kusini ni karibu milioni 330. Kubwa kuliko yote ni Kouris, lililokamilika 1988, lenye ukuta wa mita 110 na uwezo wa milioni 115. Kutoka hapo bomba kuu la kusini husafiri kilomita 110 kuelekea mashariki hadi Kokkinochoria, vijiji vya udongo mwekundu vinavyolima viazi, ambako visima vilikuwa vimeingiwa na chumvi.

Kaskazini nayo ilifanya jambo lile lile kwa namna yake: maji hushushwa magharibi, Geçitköy, kisha husambazwa hadi Lefkoşa (Nicosia ya kaskazini), Gazimağusa (Famagusta) na rasi ya Karpas. Ukiitazama ramani ya mabomba bila mipaka yoyote iliyochorwa, bado utauona mstari.

Kabla ya bomba la baharini, kaskazini waliishije?

Visima, na visima vilikuwa vinaharibika. Bonde la Morphou, Güzelyurt kwa Kituruki, ni la machungwa na malimau, na miti hiyo inahitaji maji kiangazi chote. Maji yaliyovutwa kila mwaka yalizidi yale ambayo mvua hurudisha.

Kinachoharibika ni hiki. Karibu na pwani, maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni inayojulikana kwa wataalamu wa maji ya ardhini inasema kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia chumvi kwa kina cha kama mita 40 chini ya usawa huo. Ukishusha kimo cha maji kisimani kwa mita moja tu, chumvi hupewa nafasi ya kupanda mita 40. Ndiyo maana kisima kinaweza kuwa kizuri kwa miaka na kugeuka ndani ya msimu mmoja au miwili. Kuzima pampu hakurudishi hali upesi, kwani chumvi iliyokwisha kuingia katika mchanga na udongo huondoka polepole sana.

Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuleta maji kutoka Uturuki ndani ya mifuko mikubwa iliyovutwa na meli. Mfuko ulibeba mita za ujazo 10,000, baadaye 20,000. Hesabu yake haikukaa vizuri: ili kupata milioni 7 kwa mwaka unahitaji safari 350 za mfuko wa 20,000, karibu moja kila siku, na bahari ya majira ya baridi haikubali ratiba hiyo. Mifuko ilichanika, na mpango ukafa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Bomba la baharini linafanya kazi vipi?

Fuata maji hatua kwa hatua:

1. Bwawa la Alaköprü, kwenye mto wa Anamur katika mkoa wa Mersin, Uturuki. Uwezo wake ni mita za ujazo milioni 130.5.
2. Bomba la nchi kavu hadi pwani, maji yakishuka kwa uzito wake yenyewe.
3. Bomba la baharini la kilomita 80, kipenyo mita 1.6, la plastiki ngumu ya polietilini. Sehemu kubwa, zaidi ya kilomita 60, haigusi chini: imening'inia mita 250 chini ya uso wa bahari, mahali ambapo sakafu ya bahari hufika kina cha zaidi ya mita 1,400.
4. Kituo cha pampu pwani ya Kupro, kinachoyapandisha maji hadi bwawa la Geçitköy lenye uwezo wa milioni 26.5.
5. Mtambo wa kusafisha, kisha mabomba makuu ya kusambaza.

Mradi ulipangwa kuleta mita za ujazo milioni 75 kwa mwaka, nusu kwa ajili ya nyumba na nusu kwa umwagiliaji. Hizo ni kama mita za ujazo 2.4 kila sekunde. Kwa upana wa bomba hilo, maji huenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, na tone moja huchukua saa 15 hadi 18 kuvuka bahari.

Kwa nini lining'inie? Si lingelazwa tu chini?

Sakafu ya bahari hapo ina kina kikubwa mno kwa kazi ya kulaza na kutengeneza bomba pana la plastiki, na ina miteremko mikali. Likiwekwa karibu na juu, mawimbi na meli zitaliharibu. Mita 250 ni kina cha suluhu kati ya hatari hizo mbili.

Watu wengi hudhani kamba zake zinalizuia lisizame. Ni kinyume chake: zinalizuia lisipae. Mita ya ujazo ya maji baridi ina kilo 1,000. Ya Bahari ya Kati ina karibu kilo 1,028. Polietilini yenyewe ni nyepesi kuliko maji. Kwa bomba la mita 1.6, kila mita ya urefu husukumwa juu kwa nguvu ya kilo 55 hadi 75, na kipande cha mita 500 husukumwa kwa tani 30 hivi. Nguvu hiyo yote hubebwa na kamba zilizofungwa kwenye nanga za sakafuni.

Swali la pili huwa ni presha: kwa kina hicho bahari inabana kwa mara 25 ya presha ya hewa, mbona plastiki haipondeki? Kwa sababu ndani pia kuna maji, na safu ya maji ndani ya bomba inabana kutoka ndani karibu sawa na bahari inavyobana kutoka nje. Hatari huja pale usawa huo unapovurugika, kwa mfano valvu ikifungwa ghafla au bomba likiingiwa na hewa.

Lilikatika mwaka 2020. Nini hutokea likikatika?

Lilikatika Januari 2020 na maji hayakurudi hadi mwisho wa Septemba, takriban miezi tisa.

Bomba la nchi kavu hutengenezwa kwa siku moja au mbili: unafunga valvu, unachimba, unakata kipande kibovu, unaunganisha kipya. Baharini huwezi. Vipande vya polietilini huunganishwa nchi kavu kwa kuyeyusha ncha zake, huvutwa na meli vikiwa virefu, kisha hushushwa hadi kwenye maungio. Kazi hiyo inataka bahari tulivu kwa siku nyingi mfululizo, na kati ya Januari na Aprili siku hizo ni chache. Kamba na viungo vya pande zote mbili za mkatiko navyo hukaguliwa, maana nguvu iliyokuwa ikibebwa na kiungo kimoja imehamia kwa jirani zake.

Je, bwawa la Geçitköy halitoshi kungojea? Hesabu: matumizi ya nyumbani yaliyopangwa ni kama milioni 37.8 kwa mwaka. Bwawa likiwa limejaa pomoni na umwagiliaji ukisimamishwa kabisa, milioni 26.5 hutosha miezi minane na kidogo. Bwawa halisi huwa halijajaa, na maji ya chini kabisa yenye tope hayatumiki. Kwa hiyo visima vya zamani vilirudishwa kazini, pamoja na chumvi yake. Ushauri wetu kwa yeyote anayepanga mfumo wa namna hii: kisima cha zamani usikizibe. Kiendeshe mara kwa mara, pima chumvi, tunza pampu.

Maji yaliporudi, sherehe ilifanyika Ankara Oktoba 6, 2020, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba ufuo wa Varosha, mtaa wa Famagusta uliofungwa tangu 1974, utafunguliwa. Uchaguzi wa rais kaskazini ulikuwa siku tano mbele. Tofauti kati ya habari ya bomba na habari ya siasa ilikuwa ngumu kuiona siku hiyo.

Maji yalifika Oktoba 2015. Kwa nini hayakuingia majumbani mara moja?

Kwa sababu hakuna aliyekuwa amekubaliana nani ataandika bili. Uzinduzi ulifanyika Oktoba 17, 2015, marais wakiwepo. Bwawa lilikuwa na maji, mtambo ulikuwa tayari, lakini mabomba ya mitaani ni mali ya manispaa.

Ankara, iliyogharamia mradi, ilitaka usambazaji uendeshwe na kampuni binafsi. Manispaa nyingi zilitaka chombo chao cha pamoja. Hoja zao zilikuwa za vitendo: manispaa hukusanya fedha za maji na kulipia kwazo mishahara na barabara, ikinyang'anywa maji, inabaki na majukumu bila mapato. Lakini nyuma ya hoja hizo kulikuwa na nyingine nzito zaidi: fundi anayekuja kusoma mita akiwa mwajiriwa wa mji wako, unaweza kumlalamikia meya, na meya unamchagua. Akiwa mwajiriwa wa kampuni iliyopewa zabuni ng'ambo, unamlalamikia nani?

Makubaliano yalitiwa saini Ankara Machi 2016. Mvutano huo, pamoja na ule wa mkataba wa fedha na Uturuki, uliitikisa serikali ya mseto ya kaskazini, iliyovunjika Aprili mwaka huo huo. Maji yaliingia majumbani baadaye 2016, mji kwa mji. Upande wa umwagiliaji ulichelewa zaidi.

Sisi tunaona hii ndiyo sehemu ya habari inayofundisha kuliko bomba lenyewe. Uhandisi wa kuvusha maji kilomita 80 ulikamilika. Kilichokwama ni mita chache za mwisho, kati ya mtaa na jikoni.

Je, bomba limewafanya Wakupro wa Kituruki wajione Waturuki zaidi?

Wanasiasa wa pande zote wanapenda jibu la neno moja. Halipo.

Katika lugha ya kisiasa ya kaskazini Uturuki huitwa nchi mama na kaskazini huitwa nchi mtoto. Bomba linaingia katika picha hiyo bila kusukumwa: mama ananyonyesha. Wapo wanaoliona hivyo kwa shukrani ya kweli, hasa walioishi miaka ya maji ya chumvi yasiyotoa povu la sabuni na yaliyokula mitungi ya maji moto. Wapo pia, hasa katika vyama vya wafanyakazi na vyama vya mrengo wa kushoto, wanaoliona kama koki iliyo mikononi mwa mwingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyama hivyo vimekusanyika chini ya kaulimbiu isemayo nchi hii ni yetu, na suala la nani aendeshe maji liliangukia moja kwa moja kwenye kaulimbiu hiyo. Mustafa Akıncı, aliyechaguliwa rais wa kaskazini 2015, alisema mapema kwamba anataka uhusiano wa ndugu badala ya mama na mtoto, akajibiwa kwa ukali na Ankara. Miezi michache baadaye alisimama jukwaani kuzindua bomba hilo.

Usichanganye pia makundi. Kaskazini kuna Wakupro wa Kituruki waliokuwepo kabla ya 1974, kuna waliohamia kutoka Uturuki baadaye, na kuna watoto wa ndoa za pande zote mbili. Mtu anaweza kunywa maji ya Anamur kila siku na bado akapigia kura muungano wa kisiwa: katika kura ya maoni ya Aprili 2004, takriban asilimia 65 ya Wakupro wa Kituruki waliunga mkono mpango wa Umoja wa Mataifa, huku asilimia 76 ya Wakupro wa Kigiriki wakiukataa. Kinachobadilishwa na bomba ni nani unamtegemea. Hisia hufuata njia zake zenyewe.

Na Morphou? Kwa nini watu wa huko wanatajwa sana?

Kwa sababu chini ya mpango wa 2004, Morphou ingerudishwa kwa Wakupro wa Kigiriki. Mkulima wa Kituruki aliyeko pale, ambaye mara nyingi naye alihamishwa kutoka kusini, alikuwa akijiuliza kama aweke mabomba ya umwagiliaji wa matone katika shamba ambalo huenda akaondolewa. Mfumo mzuri wa matone unadumu miaka kumi au zaidi ukitunzwa. Hakuna anayenunua kitu cha miaka kumi katika nyumba anayoiona ya muda. Upande wa pili, familia za Kigiriki zilizoondoka 1974 bado huhesabu visima na bustani hizo kuwa zao. Kila mita ya bomba jipya inayozikwa pale inasomwa na pande zote mbili kama tamko kuhusu nani atabaki.

Kusini hawana utegemezi wao?

Wanao, ila haupiti chini ya bahari. Mwaka 2008, baada ya misimu ya ukame, Kouris lilikuwa karibu tupu. Serikali ilikodi meli kuleta maji kutoka Ugiriki hadi Limassol, na majumbani maji yakawa ya zamu, siku chache kwa wiki.

Zamu ile iliacha funzo la kiufundi. Bomba lililoundwa kujaa muda wote, ukilijaza na kulimwaga, huumia:

- hewa iliyoingia husukumwa na maji yanaporudi na kuzungusha mita bila maji;
- presha hupanda kwa kishindo na kufungua viungo vya zamani;
- bomba likiwa tupu, ufa mdogo hunyonya uchafu wa udongoni;
- kila nyumba hujaza tangi saa ile ile, kwa hiyo wa mwisho wa mtaa hawapati kitu.

Baada ya hapo mipasuko ya mabomba iliongezeka, na sehemu ya maji yaliyodhaniwa kuokolewa ilivujia ardhini. Kusini ikaamua kuegemea zaidi mitambo ya kuondoa chumvi: Dhekelia iliyoanza 1997, Larnaca 2001, kisha ya Limassol na Vasilikos miaka ya 2010. Mtambo wa namna hii hula umeme wa kama uniti 4 kwa kila mita ya ujazo, na umeme wa Kupro hutoka zaidi kwenye mafuta yaliyoagizwa. Kwa hiyo kusini haitegemei mto wa jirani. Inategemea meli ya mafuta.

Utegemezi huo ulionekana wazi Julai 11, 2011, mlipuko wa silaha zilizohifadhiwa katika kambi ya jeshi la majini ulipoharibu kituo kikubwa cha umeme kilichokuwa jirani, Vasilikos. Kusini ikanunua umeme kutoka kaskazini. Miongo miwili kabla yake hali ilikuwa kinyume: kaskazini ilikuwa ikitumia umeme wa kusini. Nyaya zimewahi kuvuka mstari pande zote mbili, wakubwa wa siasa wakitazama pembeni.

Kuna kitu chochote cha maji ambacho hakikugawanywa?

Maji taka ya Nicosia. Hapa tutakaa kidogo.

Nicosia imeinama kuelekea kaskazini-mashariki. Kazi ya mtandao wa maji taka ilikuwa inaendelea vita vilipozuka 1974, na ikasimama: mabomba yalikuwa kusini zaidi, na mahali pa kusafishia, Mia Milia au Haspolat, pakawa kaskazini. Kusini haikuwa na pa kupeleka uchafu bila kuupandisha kwa pampu dhidi ya mteremko. Kaskazini ilikuwa na pa kuupokea bila mtandao kamili. Kila upande ulishika nusu isiyofaa kitu peke yake.

Mwaka 1978 mameya wa Nicosia, Lellos Demetriades wa upande wa Kigiriki na Mustafa Akıncı wa upande wa Kituruki, yule yule aliyekuja kuwa rais, walikubaliana kuumalizia. Tatizo la saini lilitatuliwa kwa kutotumia vyeo vya umeya: kila mmoja alihudhuria kama mwakilishi wa jamii yake, chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa, ili pasiwe na anayemtambua mwenzake kisheria. Mtandao ulianza kazi 1980, na ushirikiano huo ukazaa mpango mkuu wa pamoja wa mji wa Nicosia.

Mtambo wa kwanza ulikuwa mabwawa ya wazi. Yanafaa mahali penye jua, ila yakizidiwa hunuka, na walionusa ni wakazi wa Haspolat, ilhali maji taka mengi yalitoka ng'ambo. Fikiria hilo kwa lugha ya nani ni wa mji gani: uchafu ulikuwa wa wote, harufu ilikuwa ya upande mmoja. Mtambo mpya, ulioanza kazi katika miaka ya 2010, hutumia vichujio vya utando na una uwezo wa mita za ujazo 30,000 kwa siku. Gharama zake ziligawanywa kwa uwiano wa maji taka, karibu asilimia 70 kusini na 30 kaskazini. Sehemu ya Wakupro wa Kituruki ililipwa na Umoja wa Ulaya.

Yanayoharibika pale ni ya kawaida kwa mtambo wowote: mafuta ya jikoni huziba vichujio, maji ya mvua yaliyounganishwa kimakosa kwenye mtaro huujaza kupita uwezo, na kiwanda kimoja kinachomwaga kemikali huua bakteria wanaofanya kazi yote. Lisilo la kawaida ni kwamba kiwanda hicho kinaweza kuwa upande ambao mkaguzi wako hana mamlaka. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa kwenye mashimo ya ukaguzi kabla maji hayajavuka, na malalamiko hupita kwa mafundi kabla ya kufika kwa wanasiasa. Shimo lililo ndani ya eneo la kati halifunguliwi bila kibali cha UNFICYP.

Mto unaopita pande zote mbili za mji je?

Pedieos, Kanlıdere kwa Kituruki, hutoka Troodos, hupita Nicosia ya kusini na kuingia ya kaskazini. Juu yake kuna bwawa la Tamassos, lililojengwa 2002, lenye uwezo wa milioni 2.8. Hupunguza mafuriko madogo. Mvua kubwa inayonyesha chini ya bwawa hailihusu. Daraja lililozibwa na takataka upande mmoja hujaza nyumba za upande wa pili, hivyo kusafisha mkondo kabla ya Novemba ni kazi ya wote.

Ninaweza kujua niko upande gani kwa kuangalia matangi ya juu ya paa?

Hapana. Pande zote mbili utaona kitu kile kile: tangi la maji baridi, chini yake mtungi wa maji moto wa lita 150 hadi 200, na vibao viwili vya jua. Zaidi ya asilimia 90 ya nyumba za kusini hupasha maji kwa jua, na kaskazini paa hazina tofauti.

Ukikodi nyumba, angalia haya. Familia ya watu wanne ikitumia lita 130 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 1,000 halimalizi siku mbili. Kila mita 10 za kimo hutoa baa 1 ya presha. Tangi lililo mita 3 juu ya bafu la ghorofa ya juu hutoa 0.3 tu, kwa hiyo maji yakitoka kidogo usimlaumu mtu wa manispaa kabla ya kupima kimo. Boya likikwama wazi, maji humwagika paani usiku kucha na mita inahesabu. Bomba la jikoni kwa kawaida huunganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa. Thibitisha kwa kufunga koki ya tangi na kuona kama jikoni bado panatoka. Hayo ndiyo ya kunywa, ya tangi ni ya kuoga na kufulia.

Nimehamia huko. Bili hutoka kwa nani?

Kusini, tangu Julai 1, 2024, bodi za maji na za maji taka za miji zimeingizwa katika mashirika ya wilaya. Bili ni kwa yuro. Kaskazini ni manispaa, ambazo mageuzi ya 2022 yalizipunguza kutoka 28 hadi 18, na bili ni kwa lira ya Uturuki. Bili ya zamani inaweza kubeba jina la manispaa isiyokuwepo tena; chukua namba ya mita, si jina, unapokwenda ofisini.

Kusini inaweza kununua maji ya bomba?

Kiufundi, ndiyo: ni suala la kuunganisha mabomba makuu Nicosia na kuweka pampu na mita. Uturuki imesema zaidi ya mara moja kwamba maji yanaweza kushirikiwa, na kuyaita maji ya amani. Serikali ya kusini huliona bomba kuwa lilijengwa kinyume cha sheria katika ardhi yake, na kununua maji yake kungesomwa kama kukubali lililofanyika. Kuna pia swali la mhandisi, lisilohitaji bendera: ukiwa na chanzo ambacho kimewahi kukatika kwa miezi tisa, unakipa asilimia ngapi ya mahitaji yako?

Nikiandika ripoti, nitumie majina gani?

Andika yote mawili mara ya kwanza: Morphou/Güzelyurt, Mia Milia/Haspolat, Panagra/Geçitköy. Baada ya hapo tumia moja kwa uthabiti na ueleze mapema kuwa ni kwa urahisi. Kwa mitambo, weka viwianishi vya ramani, maana jina moja la Kituruki linaweza kuwa limebadilishwa baada ya 1974 na ramani za Kiingereza za zamani hazina. Unapoomba takwimu, barua moja inayopelekwa pande zote mbili ikiwa na vichwa vile vile vya taasisi hurudishwa na angalau upande mmoja. Andika barua mbili.